Bado

Afande Ndahani, aliyestaafu kikosi cha mbwa,
ametuandikia kazi ya nyumbani kwa wino mwekundu:
Neno moja, maana moja. Dakika tano asubuhi, tano jioni.
Usirudie neno. Usipige. Usibembeleze.
Jumamosi atakagua, pale kiwanjani Nzuguni,
sisi watu wazima tumejipanga, kamba mkononi,
kila mtu akiomba mbwa wa jirani ndiye aharibu.

Basi kabla jua halijapata mabati ya Ipagala
natoka uani na Risiti, mfukoni nina firigisi
nilizochemsha bila chumvi. Nyemo kala mbili,
akalalamika kwamba hazina ladha.

Tatizo letu lilianza na kaa.
Kaa, namwambia, maana yangu tako chini.
Anakaa. Vizuri. Firigisi.
Kaa, namwambia, maana yangu usitoke hapo,
halafu narudi nyuma hatua tatu, hadi penye pipa la maji.
Ananitazama: si nimeshakaa?
Ananyanyuka, ananifuata, anakaa tena miguuni pangu
kama karani aliyeleta barua ileile kugongwa muhuri wa pili.

Nikajaribu keti. Keti ni neno la kanisani;
aliinamisha kichwa, akangoja sadaka ipite.

Afande alicheka mpaka kofia ikahama.
"Mbwa hana kosa. Mtu anakaa kitini, anakaa Kizota,
anakaa kimya, na suruali nayo inamkaa.
Hilo la pili mwambie bado.
Na akishavumilia, mfungulie: haya."
Kwa nini nisimwambie hapana? nikauliza.
"Hapana inafunga mlango, mama. Bado inauegesha."

Naweka firigisi juu ya tofali.
Bado.
Udenda unashuka kama uzi hadi vumbini.
Kuku wa Mama Sechelela anapita na vifaranga saba.
Bado. (Usirudie neno. Najua.)
Sikio la kushoto linaondoka na kuku,
la kulia limebaki kwangu.
Upepo wetu huu usio na adabu
unaokota mfuko mtupu wa saruji, unaupandisha ukutani,
unaubwaga. Nahesabu moyoni: saba, nane, tisa,
treni ya umeme inapiga honi upande wa Ihumwa,
na tofali limebaki tupu.
Naandika daftarini: Jumanne. Sekunde tisa. Treni.

Neno lenyewe si geni kwangu.
Mama yuko Mvumi, uwele uko kwenye debe,
jembe liko nyuma ya mlango. Mvua je? Bado.
Baba Nyemo yuko Geita mwaka wa pili sasa.
Wamewalipa? Bado. Likizo? Bado.
Nimelisikia likiwa limechoka, likikohoa,
likikatika katikati salio linapoisha.
Sikuwahi kuliona limenyooka hivi,
kifua mbele, mkia ukifagia uwanja,
halina shaka hata chembe kwamba firigisi ipo.

Ijumaa usiku umeme ulikatika.
Simu ikaita. Geita.
Mmelala? akauliza.
Bado, nikasema.

Tukaongea. Kuhusu ada, kuhusu jino la Nyemo,
kuhusu mvua iliyonyesha kwao na haijui njia ya huku.
Tukanyamaza pia, na hakuna aliyekata.
Aliposema usiku mwema, nikawasha tochi nikafunge geti,
na mwanga ukamkuta Risiti pale kizingitini,
ameketi wima, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa kidogo,
macho mawili ya kijani yananitazama,
tangu lile neno. Hakuna aliyemfungulia.

Haya, nikasema. Haya, baba, haya.
Mfukoni sikuwa na kitu. Akaja hivyohivyo.

Daftarini: Ijumaa. Sikuhesabu.